Mstari wa Kumi na Nane

Tangazo rasmi kwa umma: leo asubuhi, bila msaada wa mtu yeyote, mimi Baba Neema nimeondoa filter kwenye spreadsheet na watu wote wakarudi. Naomba makofi.

Nikageuka kumwonyesha Koku. Kiti kitupu. Akili bado inagoma, jamani. Jumamosi tumemzika kwao Bukoba.

Kwa msiomjua: Koku alikuwa mwenzangu ofisini hapa Nyamagana, tunakoandikisha wanaoomba kuunganishiwa maji. Umri wa binti yangu, lakini kwenye kompyuta alikuwa boss wangu.

Siku moja nilipiga kelele kwamba waombaji wote wa Misungwi wamefutika. Nilishaanza kuandika barua ya kujieleza! Akaja na kikombe chake cha chai, akabonyeza mara moja tu. "Baba, watu wako wazima. Umechagua Nyamagana, hawa wa Misungwi wamejificha."

Tangu hapo salamu ikawa, "Shikamoo, mzee wa filter." Na mimi marahaba, nifanyeje.

Akatuwekea conditional formatting: mwombaji akisubiri zaidi ya mwezi, mstari wake unakuwa mwekundu. "Ukiwasahau hawa, baba, nakusemea kwa Mama Neema." Na angesema kweli.

Msibani nilisimama nikasema ameondoka ghafla, hakuna aliyejua kama anaumwa. Nilisema uongo mbele ya mama yake. Ilivyokuwa ni hivi.

Mwezi wa tano nilifungua ratiba ya kazi za nje, aliyokuwa akiitunza Koku. Namba za pembeni zikaruka: 17, halafu 19. Nikaufungua mstari uliofichwa. Ulikuwa wake. Kila Alhamisi: "kliniki ya figo." Alijiandikia ili asijipangie safari siku hiyo.

Nikauficha tena. Nikajiambia ni siri yake.

Wiki ileile mkubwa wetu akaniambia nichague mtu wa kwenda Busisi, Alhamisi. Zamu ilikuwa ya Koku. Ningejitolea mimi, angejua nimeona. Nikaona aibu. Nikataja jina lake.

"Alhamisi, baba?"

"Alhamisi."

Akaniangalia kidogo. "Haya." Akaenda.

Siku ile moja bila kliniki ilimpunguzia nini, sijui. Sikumuuliza. Wala sikumwomba radhi, na tulikaa meza moja miezi yote iliyofuata.

Mwanangu Koku, nilijua. Nisamehe. Ulale vizuri.