Boss wangu Mwingereza alitaka nivute matela mawili barabara za Dubai, nikamkatalia

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na sisi tuliotawanyika huku Ghuba.

Leo nina off. Wenzangu wa chumba wameshaenda kazini, mtaa wetu wa Satwa wote umetulia, nimebaki na kitanda na simu. Nikasema ngoja niandike hiki kisa kabla hakijanipotea. Majina nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyotokea, nikikosea mahali ni kusahau tu, sitii chumvi.

Mimi ni dereva wa malori, kwetu Tanga. Heavy licence ya huku niliipata kwa jasho, nilifeli test hadi mwalimu akawa ananionea huruma. Ndiyo maana leseni hiyo naitunza kama mboni ya jicho.

Boss wangu ni mzee wa Kiingereza, tumwite Sir Wilf. Yeye na mkewe, Madam Joyce, wana bembea ya farasi wa mbao, ile inayozunguka na muziki huku watoto wamepanda. Joto likipungua huku, tunaihamisha kutoka kiwanja hadi kiwanja. Tunafungua, tunapakia, tunasafiri, tunafunga tena.

Hawa watu wamezaliwa kwenye hiyo kazi. Baba yake Sir alikuwa na bembea, na babu yake pia. Lori letu ni jekundu, la zamani, ubavuni limeandikwa jina la baba yake kwa rangi ya dhahabu. Kila Ijumaa Sir anayafuta hayo maandishi mwenyewe, hataki mtu aguse.

Na hawakai nyumba ya kupanga. Wana nyumba yao ya magurudumu, tela zuri lenye mapazia na jiko. Madam ana vyungu vya maua humo ndani, tukisafiri anavilaza kwenye beseni la kuogea visidondoke.

Sasa sikilizeni tatizo.

Kwao Uingereza, magari ya watu wa maonyesho yana sheria yao. Yakisajiliwa hivyo na yakitimiza masharti, lori moja linaweza kuvuta tela zaidi ya moja. Sir amekua akiona hivyo: lori mbele, farasi nyuma yake, nyumba mwisho kabisa. Familia nzima inapita barabarani kama treni.

Huku hakuna hicho kitu. Permit yetu inasema lori moja, tela moja. Misimu yote niliyokuwa naye tulikwenda safari mbili, nalalamikiwa njia nzima lakini tunakwenda.

Msimu huu tulikuwa tunahamia kiwanja cha karibu na Jumeirah Village Circle, kufungulia watu ni kesho yake jioni. Asubuhi nafika yadi, namkuta Sir ameshafunga tela la farasi kwenye lori, na nyuma ya farasi ameshafunga nyumba.

Nikadhani anajaribu viungio tu.

"Panda," akaniambia. "Leo tunakwenda safari moja."

Nikamwambia, "Sir, hii haiwezekani. Permit ni ya tela moja."

"Nimevuta hivi tangu sijaota ndevu. Sijawahi kumgusa mtu."

"Najua, Sir. Lakini si hapa."

Wakuu, mnajua hali zetu. Boss ndiye mwenye visa yako. Kumwambia boss hapana ni kama kukata tikiti ya kurudi nyumbani kwa mkono wako mwenyewe. Lakini nikiangalia ile treni naona daraja, naona kona ya kuingia highway, naona basi la shule pembeni yangu na tela la mwisho linayumba. Black points, zile alama za makosa kwenye leseni, ni zangu, na roho za watu nazo ziko mikononi mwangu.

Nikasema sipandi.

Mzee akawa mwekundu kuliko lori. "Kama hutaki kuendesha, rudi kwenu!" Akapanda mwenyewe, akawasha.

Sijui nilipata wapi ule ujasiri. Nikaenda kusimama mbele ya lori. Nikaweka mkono kwenye ile grili ya moto, nikamwangalia.

Madam Joyce akatoka ndani ya nyumba na aproni yake. Hakupiga kelele. Akapanda upande wa abiria, akafunga mlango, wakazungumza. Mimi nasikia injini tu. Baadaye injini ikazimika.

Sir akashuka, akanipita bila kuniangalia, akaanza kufungua tela la nyuma.

Madam akanisogelea, akaniambia taratibu, "Usimchukie. Daktari amemwambia macho yake hayafai tena barabarani. Huu ndio msimu wetu wa mwisho. Tunarudi kwa binti yetu. Alitaka avione vyote vinakwenda pamoja, mara moja tu."

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika siku nzima, hasira yote ikaniishia palepale.

(Ngojeni kidogo, maharage yanaungua.)

Nimerudi. Yameshika kidogo, yataliwa.

Safari ya kwanza nilipeleka farasi. Safari ya pili kurudi kuchukua nyumba, Sir akapanda pembeni yangu. Njiani nikaona saa ambazo malori huzuiwa barabarani zinakaribia, nikaingia kwenye maegesho ya malori kusubiri foleni ya jioni ipite.

Nikamletea karak, ile chai ya maziwa ya huku. Madereva wa Kipathani, watu wa Pakistan, waliokuwa hapo wakasogea kuangalia lori. Mmoja akauliza, "Arbab," yaani boss, "hii gari ya mwaka gani?" Mzee akafunguka! Akawaeleza injini, akawaeleza baba yake, akawachorea kwenye vumbi jinsi matela yanavyofuatana na jinsi unavyokata kona. Nusu ya Kiingereza chake hawakuielewa, lakini mchoro waliuelewa. Wakawa wanatikisa vichwa, wallah, wallah.

Tulipobaki wawili akasema, huku anaangalia kikombe, "Ningekuwa na umri wako leo asubuhi ningekupiga ngumi."

"Najua, Sir."

"Lakini baba yangu angekuajiri."

Wanaowajua wazee wa Kiingereza wataelewa kwamba hapo nimeombwa msamaha.

Kesho yake asubuhi, kiwanjani, nikamfuata Njeri. Njeri ni Mkenya, ndiye msimamizi wa safety pale, mkali. Nikamweleza yote. Nikamuuliza, hapa ndani ya uzio, si barabara ya umma, kiwanja kitupu, mzee akizunguka mara moja kuna ubaya?

Akanitazama. "Wewe jana ulikataa kumvutia hizo trailer, leo unakuja kunibembeleza mimi?"

"Jana ilikuwa barabarani, dada."

Akafikiria. "Sawa. Watu wote nyuma ya kamba. Wewe ukae next to him, mkono kwa handbrake. Mwendo wa mtu anatembea. Na mimi natembea mbele. Nikiinua mkono, ni khalas, mnasimama."

Nilipomwambia Sir, akanigeuzia mgongo. Akaingia ndani ya nyumba. Nikadhani amekataa. Akatoka amevaa koti na tai, na jua lile.

Tukafunga tela la farasi, tukafunga nyumba. Viungio alivikagua mwenyewe kwa kupapasa, kimoja kimoja.

Wakuu, nimeendesha malori miaka mingi, lakini sijaona mtu akiendesha vile. Ile kona ya kwanza niliona kabisa tela la mwisho litagonga mlingoti wa taa. Akasubiri, akasubiri, akakata usukani wakati ambao mimi ningeshachelewa, na vyote vikamfuata kama kuku na vifaranga. Mbele Njeri anatembea na reflector yake, hageuki nyuma, kidevu juu kama anaongoza gwaride. Vijana wote wa kiwanjani wanapiga makofi. Madam amesimama kwenye mlango wa ofisi, aproni iko usoni.

Handbrake sikuigusa.

Akazima injini. Kisha akashuka, akaona kijana amefunga kamba ya turubai vibaya, akaanza kumfokea. Nikajua mzee yuko sawa.

Jioni tukafungua. Watoto walijaa.

Waliondoka msimu ulipoisha. Bembea na lori vimechukuliwa na kampuni nyingine na mimi nimechukuliwa navyo. Madam hunipigia video call, Sir anapita nyuma anauliza kama nafuta maandishi. Nafuta.

Nilichojifunza: kumkatalia mtu si kumvunjia heshima. Ila ukishakataa, usiondoke ukamwacha peke yake na hapana yako. Kaa, tafuta ni wapi jambo lake linaweza kufanyika bila kumuumiza mtu.

Madereva wenzangu wa Dubai, Doha, Muscat, na nyumbani pia: boss aliwahi kukuamuru ufanye kitu barabarani ukajua si sawa? Ulimjibuje, na yaliishaje? Nina off hadi kesho, nasoma yote.