Mkeka wa Marehemu Kwenye Jengo la Nguzo

Nilionyeshwa mkeka wa marehemu. Marehemu mwenyewe ni mimi.

Msicheke kwanza. Tulieni niwasimulie.

Naitwa Aziza. Naishi kijiji cha kaskazini hapa Mafia, nasuka mikeka. Shule niliishia darasa la tano, na kuongea mbele za watu siwezi. Wageni wakija nyumbani, mimi nahamia jikoni.

Hafidhi alikuja kwetu kununua mikeka ya kuwauzia watalii. Kwao ni Chole, kisiwa kidogo ng'ambo ya kijiji cha Utende. Kazi yake kutembeza wageni kwenye magofu. Alinunua mkeka, akarudi, akanunua mwingine, akarudi tena.

Mama akasema, "Huyu kijana kwao wana vitanda vingapi?"

Kumbe anatafuta njia. Mjomba wake akaleta posa, wazee wakaridhia.

Kwetu ukishaposwa, unamsukia mume wako mkeka. Ni wa kulalia usiku wa kwanza, haulaliwi na mtu mwingine. Wangu niliusuka kwa ukindu mwororo wa zambarau. Rangi ikaniishia, kona moja nikaimalizia kwa nyekundu.

Hafidhi akacheka. "Hata ukipotea sokoni nitaujua, kwa kona hii."

Akauchukua akaenda nao kwao. Ndoa tukapanga iwe baada ya Idi.

Miezi ikapita, simu zake zikaanza kuadimika. Mara mtandao unasumbua, mara yuko na wageni. Nikimwambia nataka nikapaone kwao, ananijibu, "Ukaone nini? Magofu na popo tu."

Nikaitikia, haya. Mimi ni mtu wa kuitikia.

Sasa, nyumbani tuna mpangaji, dada Goodness, muuguzi kutoka bara. Siku yake ya mapumziko akaniambia, "Mdogo wangu, nakwenda Chole kwenye matembezi ya mji wa kale. Twende. Umshtukize mchumba."

Nikavaa buibui jipya. Nikapaka wanja. Njia nzima napanga nitakachomwambia, nikikipata kinanitoroka.

Gatini alitupokea kijana mwingine, Kombo, ana maneno kama redio. Hafidhi sikumwona. Nikamfinya Goodness asimtaje, naona haya.

Tukatembea kwenye vichochoro vya mji ule wa zamani, mpaka tukafika kwenye jengo lililonisimamisha bila kuambiwa. Ngazi pana. Nguzo nne ndefu, nene kuliko minazi. Juu yake ukuta wa pembe tatu, kama kilemba cha bwana mkubwa. Paa hamna, mizizi ya mtini imelikumbatia lote.

"Wakoloni hawa waliwaiga Wagiriki wa kale," Kombo akasema. "Mgiriki mwenyewe hajakanyaga Chole, ila nguzo zake zimefika!"

Goodness akacheka. "Na ndani?"

"Ndani ni petu wenyewe. Vueni viatu."

Chumba cha nyuma kilinukia udi. Vitambaa vyeupe vimefungwa kwenye mizizi. Na chini, umetandikwa vizuri, mkeka.

Zambarau. Kona moja nyekundu.

Ni wangu.

"Huu wa nani?" Goodness akauliza.

Kombo akashusha sauti. "Wa marehemu. Hapa mchumba akifa kabla ya ndoa, mkeka wake haulaliwi wala hauchomwi. Unaletwa humu. Mwenzangu Hafidhi alifiwa na mchumba wake, maskini. Homa ya ghafla tu."

Goodness akanigeukia, macho yamemtoka. Mimi nimeganda kama nguzo ya tano.

"Na huyo Hafidhi sasa?" Goodness akamuuliza.

"Keshaoa, hapa hapa. Baba mkwe mwanzo aligoma, akasema, 'Simwozeshi mwanangu juu ya machozi ya binti wa watu. Kamalizane na mchumba wako huko.' Haujapita muda, tukasikia mchumba kafariki. Basi tena, binti yake Kidawa akaozeshwa."

Hajamaliza, akaingia mwanamke kijana na chetezo mkononi. Tumbo limeshachomoza chini ya kanga.

"Huyo kaja mwenyewe!" Kombo akasema. "Kidawa, tuna wageni."

"Karibuni, dada zangu," akasema. Sauti ya upole kweli.

Akapiga magoti mbele ya mkeka, akafukiza, akasoma Fatiha. Mwisho akainua mikono. "Mola mrehemu Aziza. Mpanulie kaburi lake. Mjaalie pepo."

Jamani, mnajua nilijibu nini?

"Amin."

Ndiyo. Nimezoea kuitikia.

Goodness hakuweza tena. "Aziza! Sema kitu!"

Kidawa akageuka taratibu. "Wewe nawe Aziza?"

Niliinama nikaanza kuukunja mkeka.

"Dada, acha!" Kombo akapiga kelele. "Cha maiti hakitolewi humu!"

"Maiti mwenyewe kaja kuchukua chake," nikasema.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Chetezo kikamponyoka Kidawa, makaa yakatawanyika sakafuni. Akanitazama usoni, akatazama kona nyekundu, akaelewa.

"Mimi ndiye niliyemwambia baba," akasema huku analia, "bora nimkose kuliko kumliza mwenzangu. Na kila Ijumaa nakuombea, Aziza. Kila Ijumaa."

Nilitaka kumchukia. Nikashindwa. Nikamfuta machozi kwa mtandio wangu, nikatoka.

Karibu na gati nikamwona Hafidhi na watalii wake. Na yeye akaniona, mkeka begani.

Nikasubiri. Hata uongo ningeupokea siku ile. Hata "Aziza" tu.

Akawageuza wageni wake, akawanyooshea mti. "Angalieni kule juu," akawaambia, "popo."

Mpaka boti inaondoka hakugeuka.

Nyumbani Mama aliupokea mkeka begani kwangu. Alinitandikia ule mkeka chumbani, akakaa pembeni mpaka nikapata usingizi. Ndiyo kwanza ukalaliwa. Dua za Kidawa bado ninazo, sijui nizirudishe kwa nani.

Dada zangu, mtu akikuficha kwa watu wake, usingoje akwambie hakutaki. Nenda ukapaone kwao mapema. Huenda hitima yako walishaila.