Bi Mwanaidi Aliyesoma Chuo

Kuna harufu moja ikinipitia puani, hata kama nina mzigo kichwani, nasimama. Ni harufu ya iliki. Kwetu Iramba, enzi za Mwingereza, nyumba za watu zilinuka moshi, maziwa mgando na ngozi za mbuzi. Iliki ilitoka nyumba moja tu, nyumba ya bati ya dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya serikali, upande wa Misigiri. Aliyekuwa akiitwanga ni mke wa dresa, Bi Mwanaidi, mtu wa Pangani. Alikuwa na kinu kidogo ambacho mama yangu alipokiona mara ya kwanza alidhani ni cha mtoto kuchezea, akauliza mtoto yuko wapi. Hakuwepo. Mungu hakumjalia.

Wanangu wameshachoka kuisikia habari hii, basi nawaambia ninyi.

Wakati ule darasa la nne ndilo lilikuwa mlango. Ukifaulu mtihani unakwenda shule ya kati, ya bweni, mpaka la nane, na kutoka hapo watu waliingia chuo wakawa wauguzi na walimu. Ukishindwa unarudi kwenye jembe. Na kama ni msichana, unarudi kwenye jembe la ukoo mwingine. Baba yangu alikuwa amefariki, na mwenye kauli juu yangu alikuwa kaka yake, baba mkubwa Kitundu. Namtaja kwa jina. Wengine wakiandika habari za namna hii husema "ndugu mmoja". Hakuwa ndugu mmoja, alikuwa Kitundu. Alikuwa ameshakwenda Mungaa kutazama ng'ombe wa mzee aliyenitaka, akarudi anawasifia rangi. Mama alimwangukia miguuni. Baba mkubwa akasema, "Haya, ajaribu huo mtihani. Akifaulu aende. Akishindwa, msinilaumu."

Basi mama alikuwa kisimani siku moja na wanawake wengine, Bi Mwanaidi akiwa nao, wakawa wanaulizana waliolewaje. Bi Mwanaidi akasema, "Mimi nilisoma chuo mpaka nikahitimu, ndipo nikaozwa."

Mama hakungoja hata ndoo ijae. Alifika nyumbani maji yanamchuruzika usoni. "Yunisi, yule mwanamke amesoma chuo!"

Kwetu, watu wa misheni, chuo kilikuwa kule walikotoka wauguzi wenye kofia nyeupe. Habari zikaenea kabla ugali haujaiva. Kesho yake mama zetu wakaenda kwake na kuku na karanga, wakitusukuma mbele.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi. Tumekuletea hawa uwatayarishe."

"Niwatayarishe nini?"

"Kama ulivyotayarishwa wewe chuoni."

Akatutazama, akacheka kidogo. "Lakini ninyi si Wakristo?"

"Elimu haina dini," mama akajibu, na alilisema kwa ujasiri mpaka nikamwonea fahari.

Bi Mwanaidi akauliza mtihani wenyewe unauliza nini. Tukamweleza: kusoma kwa sauti, hesabu, imla, insha, na mwishoni Mzungu anakuhoji kwa Kiswahili. Hesabu akasema tumwachie mwalimu. Aliposikia Kiswahili uso ukamkunjuka. "Ah. Hicho ni cha kwetu. Waleteni kila alasiri."

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Yeye alikaa mkekani akitwanga iliki yake, amefumba macho, na sisi tukisoma kitabu cha shule kwa zamu. Hakuwahi kukishika kile kitabu. Tulidhani ni uhodari, kwamba aliyetoka chuo amevihifadhi vitabu vyote kichwani. Ulimi ukiteleza, mchi unasimama. "Rudia."

Na ulimi wetu uliteleza hasa kwenye R na L. Sisi hata jina la kwetu linatushinda, huyu Iramba, yule Ilamba, na wote wanakwenda kwao. Bi Mwanaidi akasema, "Mahali ni pale unapokaa. Mahari ni wale ng'ombe. Mzungu akikuuliza mahali unakotoka ukamjibu mahari, ataandika kwamba umeshaolewa." Wenzangu walicheka. Mimi nilicheka nusu.

Ili R itoke, alituamuru tuige pikipiki ya bwana afya. Tulikwenda nyumbani tukinguruma njiani, rrrr, rrrr, mate yakiruka. Wavulana waliochunga mbuzi wakawa wanatungoja. "Hao wanakuja! Yunisi, leo petroli umejaza wapi?" Rafiki yangu Raheli, mwenye mdomo, aliwajibu, "Kwa mama yako, na deni nimeacha."

Alituandaa na mengine ambayo shuleni hayakuwepo. Alitulaza kila mtu kwenye mkeka wake, mchana, tujifunze kulala bila kumkumbatia dada, maana bweni kila mtu na kitanda chake. Alitufundisha kumtazama Mzungu kwenye paji la uso kama macho yake yanatutisha. Alinifanya nimweleze nitakwenda shule gani, kisha nini, kisha nini, mpaka nikafika kwenye kofia nyeupe ya muuguzi. "Basi iseme kila siku," akasema, "usije ukafika njia panda hujui uendako."

Lakini lililotuwia gumu ni kuuliza. Kwetu mtoto hamrudishii mkubwa swali. Ukiambiwa jambo usilisikie, unaitika, halafu unakwenda kukosea. Bi Mwanaidi alinung'unika makusudi, maneno yanaishia kooni, na anayeitika anatolewa nje. "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Neno hujalisikia sawasawa, umuulize aliyelisema. Yeye ndiye analijua."

Siku ya mtihani tulikwenda Kiomboi kwa miguu, tumepakwa samli mpaka magoti yanang'aa. Asubuhi tulifanya hesabu na imla, nikaona mambo yanakwenda. Kisha ikaja insha. Msimamizi wetu alikuwa Mwalimu Naftali, Mnyiramba mwenzetu, mtu wa suruali yenye mstari, na huyu naye namtaja. Akaifungua karatasi, akasoma: "Andikeni insha juu ya kalamu."

Wenzangu wakainama. Raheli akaanza na chupa ya wino. Mimi nikabaki na neno sikioni. Nilijua ulimi wetu. Mkono wangu ukanyanyuka, nikasimama kama nilivyofundishwa.

"Samahani, Mwalimu. Ni kalamu ya kuandikia, au ni karamu ya watu kula?"

R yangu ilitoka safi. Ilinguruma. Na watoto wote walioizoea njiani wakaangua kicheko, wala hawakumcheka yeye, walikuwa wakiicheka pikipiki. Mwalimu Naftali hakujua hayo. Uso ukamvimba.

"Unanifundisha kusema?"

"Hapana, Mwalimu. Nauliza."

"Mtoto wa kike ananihoji mbele ya watu. Toka."

"Mwalimu, mtihani..."

"Toka. Na usirudi."

Nikatoka. Raheli alinieleza baadaye: mlango ulipofungwa, Mwalimu Naftali aliitazama tena karatasi, akaenda ubaoni akaandika neno lile kwa R, akikandamiza chaki mpaka ikakatika. Watoto wakafuta kalamu wakaandika karamu. Ningekaa kimya, darasa zima lingeandika habari za wino. Raheli alifaulu. Leo ni muuguzi, na tukikutana ananisalimu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kitu changu.

Nilirudi peke yangu, na sikwenda nyumbani. Nilikwenda nyumba ya bati. Bi Mwanaidi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Uliuliza?"

"Niliuliza."

"Kwa adabu?"

"Kwa adabu."

Hakusema pole. Alitandika mkeka, akamwomba dresa karatasi na kalamu, akaniwekea mbele. "Kaa. Uifanye insha yako."

"Haina maana sasa, Bi Mwanaidi."

"Umetembea mpaka Kiomboi kuifanya. Ifanye."

Nikaandika juu ya karamu ya harusi, mzee mmoja alificha nyama kofiani na mbwa akamfuata mpaka kanisani. Nilipomaliza akaniamuru nisimame niisome kwa sauti, yeye amefumba macho. Penye mbwa alicheka hadi akajishika ubavu. Mahali pamoja aliuinua mkono: "Hapo rudia, umekimbia." Nikarudia. Kisha akaichukua karatasi, akapitisha kidole juu ya mistari, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto. Niliona, nikadhani ndivyo wanavyosahihisha chuoni.

"Umefaulu," akasema.

Baba mkubwa Kitundu hakuitambua alama ile. "Shule yenyewe imemfukuza, mnataka nini tena?" Baada ya mavuno nilikuwa Mungaa. Ya huko siyaandiki yote. Nilipigwa, nilizika watoto wawili, nikafiwa na mume, na shemeji zangu walitaka kunitoa shambani kwa maneno ya barazani yaliyosemwa haraka haraka. Nikasimama mbele ya wazee nikasema samahani, neno hilo sikulisikia, lisemwe tena. Wakalisema tena, na lilipokuja mara ya pili lilikuwa limebadilika. Shamba ninalo hadi leo.

Kilichonifumbua macho kilikuja baada ya Uhuru, kisomo cha watu wazima kilipofika kwetu, nami na la nne langu nikawekwa kusaidia. Akaja bibi mmoja wa Tanga, mama wa mwenye duka. Nikamuuliza amesoma mpaka wapi. "Mimi nimehitimu chuo," akasema. Nikampa chaki aandike jina lake. Akaanzia mkono wa kulia wa ubao, akaja kushoto, herufi za Kurani, nzuri kama ushanga. "Za kwenu ndizo sizijui," akasema, "hata A. Kwetu Pwani chuo ni kwa mwalimu wa Kurani."

Nilikaa kwenye dawati la wanafunzi. Bi Mwanaidi hakutudanganya. Alisema neno la kwao, sisi tukalisikia la kwetu, na katika mama zetu wote hakuna aliyeuliza. Kitabu hakukishika kwa sababu kingekuwa bubu mkononi mwake. Alitutayarisha kwa masikio peke yake, na insha yangu alikuwa ameshaipima nilipokuwa nimesimama naisoma. Kile kidole alikipitisha kwa ajili yangu, ili nisiondoke bila kusahihishwa.

Dresa alihamishwa mwaka ule ule nilipoolewa. Sijui kaburi la Bi Mwanaidi liko wapi.

Kitundu na Naftali nimewataja, na sijawafuta. Lakini nikipima, wale wawili waliniondoa darasani siku moja, na mwanamke yule alinisomesha alasiri zake zote. Watu wakiniuliza kisomo changu hujibu darasa la nne. Wakiongeza, "Ulishindwa mtihani?" huwaambia hapana. Niliufanya Misigiri, nimesimama, mbele ya mtu aliyenisikiliza mpaka mwisho.