Tundu Chini ya Zulia la Bibi Ozella

Delphine hakuzaliwa kisiwani Galveston, na mama mkwe wake hakumpa nafasi ya kulisahau hilo. Kwao ni Beaumont, si mbali kwa gari, lakini kwa watu wa kile kisiwa, aliyezaliwa ng'ambo ya daraja ni mgeni hata azeekee hapo. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi wa bamia na kamba, Bibi Ozella huonja akasema, "Watu wa bara mna haraka." Rayford, mwana wa Bibi na mume wa Delphine, aliyewaunganisha, alishakufa. Wakabaki wajane wawili, nyumba moja, na neno lile lile.

Kazi ya Delphine ni kutembeza watalii. Huwapitisha kwenye ukuta wa bahari, akawaonyesha majumba yaliyoinuliwa kwa jeki baada ya kimbunga cha mwaka 1900, hata makanisa, mchanga ukamwagwa chini mpaka mji ukapanda juu. Kituo cha mwisho ni kwake mwenyewe, nje ya uzio. Hapo husimulia jinsi babu yake Bibi Ozella, maji yalipofika mlangoni, alivyochukua shoka akatoboa sakafu ya sebule yake. Nyumba iliyozibwa huelea ikaenda na maji. Iliyokunywa maji huwa nzito, ikakaa. Majirani walijazana ghorofani. Kulipokucha, mtaa wote ulikuwa umefagiwa, imebaki hiyo moja.

Tundu lile halikuzibwa kamwe. Limefunikwa zulia, na kila mtoto wa ukoo, akianza shule, hufunuliwa akatia mkono. Delphine alifagia kulizunguka tangu alipoolewa. Angeweza kuchungulia Bibi akienda kanisani, lakini alitaka apewe ruhusa.

Sasa tajiri wake alikuwa amechoka. Watalii wanalalamika kuwa wanaonyeshwa uzio. Wakilalamika tena Jumamosi hii, kituo kinahamia kwenye nyumba ya mizimu, ambako kuna mtu analipwa kupiga mayowe dirishani. Delphine alimwomba Bibi afungue mlango siku moja tu. Bibi akajibu kuwa sebule yake si sinema.

Jumamosi ikafika, na ndani ya kundi mlikuwa na bwana mmoja wa kofia pana, wa wale wanaojua kila kitu kabla hawajaambiwa. Alisikiliza, akacheka.

"Nani atoboe nyumba yake na maji yako mlangoni? Mama, hilo tundu umeliona kwa macho yako?"

Nyuma ya wavu wa dirisha, Bibi Ozella alikuwa anamenya kunde. Mikono ikasimama.

Kusema ndiyo kungemaliza mambo. Delphine akasema, "Sijaliona. Mimi nimeolewa tu hapa."

"Basi unatuuzia maneno."

"Nimekaa juu yake, bwana. Mwaka 2008, kimbunga cha Ike, sisi wawili tulikataa kuhama. Maji yakaja kwa chini. Nililiona zulia linaumuka kama mkate, likaanza kuteleza pembeni. Nikageuza uso, nikambeba mama mkwe wangu mgongoni tukapanda juu. Na nyumba hii haikusogea."

Mlango ukafunguka. Bibi Ozella alisimama na bakuli lake la kunde.

"Siku ile hukutazama?"

"Hukuniambia nitazame, mama."

Miaka yote hii Bibi alidhani mkwe wake alijionea siku ile bila ruhusa, akanyamaza na jambo hilo moyoni.

"Ingia," akasema. "Na hao watu wako wafute miguu."

Zulia likakunjwa. Ukingoni mwa tundu palikuwa na alama ndogo ndogo za shoka, juu juu, za mtu anayeionea huruma sakafu aliyoipigilia mwenyewe. Halafu mapigo yakaingia ndani, marefu, ya mtu aliyekwisha kuamua. Delphine akapiga magoti, akatia mkono. Ubaridi ulimpanda mpaka begani, kama vile nyumba inavuta pumzi kupitia pale. Mbao zilikuwa laini kwa viganja vya watoto waliozaliwa kwa sababu ya tundu lile, na Rayford wake mmojawapo. Akakaa hivyo, machozi yanamtoka, mkono hautaki kurudi.

Yule bwana alikuwa ameshavua kofia. Akachuchumaa taratibu, akanyoosha mkono naye.

Bibi Ozella akamzuia kwa mguu. "Wewe tazama tu," akamwambia. "Wewe ni wa bara."