Kambi ya Kupiga Miayo

Harufu ya turubai jipya ilitufikia kabla hatujayaona mahema yenyewe. Yaliletwa shuleni kwetu, nje kidogo ya Kitale, Agosti moja ya miaka ya themanini, mahindi yakiwa yametupita vichwa na mvua ikinyesha kila alasiri. Tulikuwa skauti wa shule ya msingi, na tangu mwaka uanze Mwalimu Simiyu, aliyetuongoza kwa kujitolea, alikuwa ametuahidi kambi moja ya kweli: tungepanda Mlima Elgon na kulala karibu na mapango. Tuliponusa turubai lile tukajua mambo yameiva. Rafiki yangu Barasa alifurahi kutuzidi sote. Nyanya yake mzaa mama aliishi kule juu, mbele ya Endebess, na tangu mama yake afariki, baba yake hakutaka hata kusikia upande ule ukitajwa. Mwaka ukiisha Barasa angepelekwa Malakisi kwa baba yake mdogo, kwenye mashamba ya tumbaku. Kama hangemwona nyanya yake Agosti hiyo, hangemwona tena.

Bahati mbaya mwalimu wetu alikuwa ameongeza elimu. Likizo ya Aprili alikwenda mafunzo ya juu ya viongozi wa skauti, upande wa Mabanga kule Bungoma, akarudi mtu mwingine. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hesabu mwenye filimbi na roho safi, aliyepuliza moto nasi mpaka macho yakamwaga machozi. Sasa alivaa skafu ambayo hatukuruhusiwa kuigusa, na alitembea mikono nyuma kama mkaguzi wa elimu. Alitusimulia bila haya jinsi wanaume wazima wenye vitambi walivyogawanywa vikosi, wakaitwa Swara na Korongo, wakashikana mikono wakiimba nyimbo za watoto huku wapishi wakiwapikia wali. Huko alifundishwa kwamba kiongozi wa ngazi ya juu hafanyi kazi, anasimamia. Somo hilo alilielewa vizuri sana. Tangu siku hiyo hakubeba hata ukuni mmoja. Kilichombakia moyoni ni shanga mbili za mbao, alama ya kuhitimu mafunzo yale, ambazo angevishwa shingoni iwapo mgeni kutoka makao makuu ya skauti Nairobi angemkuta kambini na watoto wake na kuridhika.

Ndipo mlima ukasahaulika. Mgeni hakuwa mtu wa matope, kwa hiyo kambi ingekuwa uwanjani pale pale shuleni, hatua chache kutoka ofisi ya mwalimu mkuu. Barasa peke yake ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Mwalimu, si ulisema tutaenda mlimani? Mimi nilikuwa nataka kuona kukhu, nyanya yangu."

"Mlima haitoki mahali, bana," Mwalimu alimjibu. "Wacha kwanza mgeni akuje."

Tukajenga. Tulijenga lango la mianzi, vichanja vya kuanikia sahani, na choo cha shimo kilichozungushiwa nyasi kwa ustadi mkubwa. Choo hicho tulikatazwa kukitumia, kisije kikanuka kabla ya ukaguzi, na aliyebanwa alikimbilia kwenye mahindi. Sahani hatukuzitumia kulia chakula, zilikuwa za kuanikwa tu. Siku ya mwisho Mwalimu alitukusanya akatwambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natema mate. Hakuna mtoto ambaye angelala ndani ya mahema, maana tungeyakunja na kuyachafua. "Mkalale kwenu," alisema. "Kesho mkuje mapema, kama bado giza, na unifomu imepigwa pasi. Muingie kwa hema pole pole. Mkisikia filimbi, mtoke kama watu wameamka." Kisha akatufundisha kupiga miayo. Tulifanya mazoezi ya miayo jioni nzima, na aliyepiga vibaya alirudia.

Asubuhi tukalala chali ndani ya mahema, tumekakamaa kulinda pasi, tukisubiri hadi jua lilipopanda. Mgeni alikuja na gari, tumbo lake likitangulia, viatu vyake vikimetameta. Filimbi ikalia, tukatoka tukipiga miayo. Alikagua lango, akasifu choo, halafu akasimama mbele ya Barasa na kumuuliza usiku ulikuwaje.

"Sisi tulilala kwetu, bwana," Barasa alisema. "Tulikuja asubuhi tu. Kambi ilikuwa iende mlimani. Ukimwambia mwalimu, hata kesho tunaweza enda."

Nilimwona Mwalimu Simiyu akikauka. Lakini mgeni alicheka tu. "Hata mimi nimelala hotelini," akasema. "Muhimu ni mpangilio, na mpangilio ni mzuri." Akampa Mwalimu mkono, wakaenda kunywa chai. Mwalimu akavishwa shanga zake. Barasa alifukuzwa kwenye kikundi kwa utovu wa nidhamu, na mwaka ulipoisha akapelekwa Malakisi. Nyanya yake alifariki msimu wa kupanda uliofuata. Habari zenyewe Barasa alizipata mazishi yakiwa yamepita.

Miaka ya tisini Mwalimu Simiyu alipandishwa, akawa anafundisha viongozi wengine, nami sishangai. Siku hizi mafunzo ya namna hiyo yamezidi. Viongozi wa kikundi cha binti yangu wana vyeti vya kujaza ukuta, wanakutana kwenye kumbi zenye viti laini, na watoto wanapiga kambi uwanjani ili wapigwe picha. Watu huniambia Mwalimu alikuwa na nia njema. Mimi namdharau tu, na umri haujanipunguzia dharau hiyo.

Mwaka jana nilimchukua Barasa kwa gari langu, tukaenda kutafuta kaburi la nyanya yake. Tulifika chai tuliyonunua Kitale, ya kwenye vikombe vya karatasi, ikiwa bado haijapoa. Shamba lilikuwa limeuzwa na kulimwa lote, na wenyewe wa sasa hawakujua kaburi lilikuwa wapi. Barasa alisimama katikati ya viazi vya watu, akageuka kuitazama Kitale, mabati yake yakionekana kule chini.

"Kumbe ni hapa tu," alisema. "Hata kwa mguu ningekuja."