Boljointi Iliyonivua Suruali Ukweni

Kule Musanda kuna wazee ambao hadi leo hawajui jina langu, lakini makalio yangu wanayajua, na afadhali niwaambie mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa mwingine atakayeongeza chumvi, ingawa sijui ataiongezea wapi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia (siku ya kisa hiki nililitaja jambo hili mara nyingi kuliko ilivyofaa), naishi Shirere, na nina pikapu kuukuu ya milango minne ambayo mke wangu Nekesa husema naiosha kuliko ninavyoogesha watoto. Kwao Nekesa ni Musanda. Barabara ya kutoka lami hadi kwa wakwe zangu imechimbwa na matrekta ya miwa, huku na huku mtaro, katikati tuta, na mvua za mwaka huu pikapu yangu ilienda ikakalia lile tuta kama kuku anayeatamia, magurudumu yanazunguka hewani, mpaka shemeji yangu Makokha, kaka yake Nekesa, akaja kunivuta na trekta. Hakusema neno. Alifunga kamba, akanivuta, akafungua kamba, akaikunja vizuri. Angenicheka ningepona, lakini ile kunyamaza kwake iliniuma wiki nzima, nikaagiza Nairobi vifaa vya kuinua gari, vile vya kuongeza urefu mbele na nyuma ili tumbo lipite juu ya matuta.

Vifaa vilifika Ijumaa jioni. Jumamosi ndiyo siku watu wa kwao mchumba wa Nafula, mdogo wake Nekesa, walikuwa wanakuja kuongea mambo ya mahari, na kazi yangu mimi mkwe ilikuwa moja tu, kuwachukua wazee wao kwenye lami saa nane mchana niwalete nyumbani bila kukanyaga tope. Mtu mwenye akili angewachukua kwanza, gari akaliinua wiki ijayo. Lakini mimi nilitaka Makokha aone kwa macho yake nikiliinua palepale uani kwao, kisha anione nikivuka lile tuta na wazee sita ndani. Nilipiga hesabu kwamba kazi ni ya saa mbili.

Asubuhi nilipitia kwa fundi ninayemjua mjini kuazima kile kifaa cha kubana na kusukuma boljointi itoke. Akasema amemwazima mwenzake, nisubiri saa moja kitarudi. Saa moja tu. Nikaangalia saa, nikamwambia nina nyundo.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari, boljointi ni kifundo cha chuma, kama kile cha nyonga yako, kinachounganisha mkono wa gari na chuma kinachobeba gurudumu. Mguu wake umechongoka, umekaa ndani ya tundu lililochongoka vilevile, na ukishakaa humo miaka kumi na tope la Kakamega vinakuwa kitu kimoja. Unafungua nati ukidhani itadondoka, lakini wapi, inakutazama tu.

Saa nne nilikuwa nimeegesha karibu na zizi la ng'ombe, gurudumu la kulia nimelitoa, gari liko juu ya magogo, nati nimeitoa na kuitia mfukoni. Baba mkwe alileta kigoda na kikombe chake cha chai akaketi pembeni. Huyu mzee alikuwa fundi wa mitambo kiwandani karibu miaka thelathini, anafungua na kufunga mashine za kusaga miwa, lakini ni mtu wa maneno machache, na mimi kwa ujinga wangu niliona nimweleze habari ya nguvu na msuguano. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai.

Nikaanza kugonga ile ncha ya boljointi kwa juu. Nikagonga, nikagonga, kuku wakahama ua. Baada ya nusu saa hivi mzee akasafisha koo.

"Mwalimu, rudisha nati kidogo. Halafu usigonge mguu, gonga ubavu wa hicho chuma kinachoushika. Mimi nilikuwanga nafungua hivyo."

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba asante baba, niko karibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaona ile ncha imepondeka ikapanuka kama uyoga, na nati isingerudi hata kwa maombi, ila sikuweza kumwambia hivyo mtu niliyetoka kumfundisha msuguano. Mzee akaichukua chai yake akaenda kuketi mbali kidogo (baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini).

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Nafula alipita mara mbili na nguo zake mpya, akiangalia gari lisilo na gurudumu kama mtu anayeangalia mgonjwa. Saa nane kasoro simu ya Nekesa ikalia, wazee wameshashuka kwenye lami, nikamsikia mke wangu akimwambia kaka yake kwa sauti ya chini awashe trekta. Makokha akaondoka na lile tela la kubebea miwa, kwa sababu hakukuwa na lingine.

Sasa wenzangu, hapo ndipo mtu hukubali kushindwa, akanawa mikono, akapokea wageni. Mimi nilichukua bomba refu la maji lililokuwa kando ya zizi, nikalipitisha kati ya mikono miwili ya gari, nikaona nikilikalia kule mwisho kwa uzito wangu wote (si haba) boljointi itasalimu amri kabla wageni hawajafika. Nikakaa nikibembea. Nikaruka kidogo. Nikaruka zaidi.

Ikaachia.

Ililia kama bunduki. Bomba likazama chini ghafla, mimi nikarudi kinyumenyume hatua tatu nne nikitafuta ardhi, na nyuma yangu kulikuwa na pipa lililokatwa nusu, limejaa molasi ya ng'ombe wa baba mkwe, nikaketi humo mpaka kiunoni. Kama hujawahi kukalia molasi, haikumwagikii, inakupokea. Nilipojinasua niliinuka na nusu ya pipa, na nyuki wa mzinga wa mzee, ambao muda wote walikuwa wanazunguka pembeni mwa pipa, wakaona leo chakula kimeota miguu.

Nilikimbia. Sikuchagua njia, nilikimbia tu, nikajikuta nyuma ya jikoni, na jikoni kuna mama mkwe. Sasa nyinyi mnajua kwetu mkwe na mama mkwe ni mambo ya heshima. Miaka kumi na moja nimemwoa binti yake, na yule mama alikuwa ananisalimia kutoka mbali, macho yake chini na yangu chini, mkono wake sijawahi kuugusa, chakula chake nakula katika nyumba nyingine. Nikasimama pale najipiga makofi, nikisikia nyuki wanaingia ndani ya suruali, na nikawa siwezi kuvua wala kutovua.

Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, ukatoka mkono na leso.

"Mwalimu, mimi sikuoni. Vua hiyo suruali uvae hii, hao nyuki watakuua."

Nadhani hayo ndiyo maneno marefu zaidi aliyowahi kuniambia. Nikavua, na kwa kuwa molasi haina adabu, ile ya ndani nayo ikafuata suruali, nikashika leso niifunge, nyuki mmoja akanichoma mahali ambapo sitapataja, nikatoka mbio tena leso ikiwa mkononi kama bendera.

Nilipopinda kona ya nyumba, trekta la Makokha lilikuwa linasimama langoni. Ua wa kwao ni mrefu, mtu aliyesimama barabarani haoni ndani, lakini tela la miwa liko juu, na ndani yake walikuwa wamesimama wazee sita wenye makoti na kofia, wameshikilia vyuma, wote wakitazama uani. Makokha alizima injini. Kimya kile nilikijua.

Waliniingiza katika nyumba ya Makokha, Nekesa akawa ananipaka kitunguu kwenye uvimbe, analia, sikujua ni kwa hasira au kwa kicheko (alikuwa ameuficha uso). Sikuwaza molasi wala gari, niliwaza Nafula. Nani atakubali kuoa katika boma ambalo mkwe anakimbia uchi siku ya mahari? Shangazi yao mmoja alikuja kunijulisha kwamba kwa yale yaliyotokea mbele ya mama mkwe nitaleta mbuzi, nikasema hata wawili.

Baadaye Nekesa alirudi akanisimulia. Wazee walikaa, wakapewa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, wakala, kisha mkubwa wao, mzee mwembamba mwenye fimbo, akauliza yule aliyekimbia ni nani. Baba mkwe akajibu bila kupepesa kwamba ni mkwe wake, alikuwa anatengeneza gari la kuwachukua wao.

"Na bado mnamwita mkwe?" yule mzee akauliza.

"Ni wetu," baba mkwe akasema.

Basi yule mzee akaweka fimbo chini akasema kijana wao akioa hapa atakuwa salama, kwa sababu mabaya yote ya boma hili wameshayaona na wenyewe hawajamkana mtu. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka, na mazungumzo yakaisha kabla jua halijatua. Niliitwa nisalimie, nikaenda na suruali ya Makokha inayonifika chini kidogo ya magoti, nikasalimia mmoja mmoja, na kila mmoja aliushika mkono wangu akaufinya akitazama pembeni.

Kesho yake Makokha alienda Mumias na pikipiki akaleta boljointi mpya. Upande wa kushoto alifungua baba mkwe. Aliirudisha nati nyuzi chache, akaomba nyundo mbili, akagonga ubavu wa chuma kulia na kushoto kwa pamoja, mara tatu, boljointi ikatoka polepole kama jino la mtoto. Hakuniangalia. Akanikabidhi nyundo, akauliza kama nimekunywa chai.

Gari sasa liko juu na linavuka matuta yote. Mbuzi nilipeleka, na mama mkwe bado ananisalimia kutoka mbali, ila siku hizi huuliza pia kama uvimbe uliisha, na mimi humjibu nikitazama viatu vyangu. Nimeapa sitashika spana tena ukweni, na mzee akisafisha koo karibu yangu, mahali popote, hata kama ni mafua tu, naweka chini nilichoshika na kumsikiliza.