Kadi ya Picha na Ukuta wa Mama Mkwe

Wakwe zangu wa kijiji cha Kabuta hawakunitaka nilime. Wachumba wengine kule kando ya Ziwa Mweru walilima shamba la mihogo la ukweni, ili ionekane wana mikono. Mimi nilikuwa Mkongo, vita vimenivusha ziwa na begi moja, na nilikuwa nimejigamba kupita kiasi kwamba Lubumbashi nilisomea kompyuta. Basi wakasema vizuri, atengeneze ile ya mwalimu. Akiiweza, tutampa binti.

Mwalimu huyo ndiye mama wa mchumba wangu. Kompyuta ilikuwa ya shule, imeletwa na wafadhili pamoja na printa, ikiwa kuukuu na tupu, naye aliitunza nyumbani kwa sababu mlango wa shule haukuwa na kufuli. Aliitaka kwa jambo moja tu, kuchapa mitihani ya mwisho wa muhula badala ya kuinakili ubaoni kwa mkono.

Tatizo ni kwamba sikuruhusiwa kumwona. Kwa Wabemba, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemezani mpaka siku ukweni watakapompikia mkwe chakula cha heshima. Nikiingia sebuleni, yeye ameshahamia chumba cha pili. Maneno yetu yalibebwa na bibi, mama yake mzazi, aliyejifunza Kiswahili, yeye na binti yake, kwa kuwauzia Wakongo samaki, na ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita bwana yake. Ukuta kati ya vyumba haukufika juu, kwa hiyo kila mtu alisikia kila kitu. Hata hivyo bibi aliinuka, akaenda, akarudia upya.

"Bwana yangu anauliza kama kuko mutu alishafungula hii mashini."

Akarudi taratibu, akikaza kitenge chake. "Anasema hapana. Anauliza kama umekula."

Linux, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, niliyovuka nayo kwenye CD, iliingia bila matata. Maandishi meupe kwenye kioo cheusi yalitokea siku hiyohiyo, na printa ikachapa. Mtu mwenye akili angefuta mikono akaenda zake. Mimi nilitaka madirisha, rangi, na mshale unaotembea, ili ukweni wajue wamempata nani. Lakini kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora kwenye kioo, ilikuwa ya zamani mno. Draiva yake, yaani ile programu inayoiwezesha mashine kuzungumza na kadi, ilikuwa imeandikwa na watu wa kujitolea huko mbali. Walikuwa wameiacha wazi ili kila mtu aisome na kuirekebisha, na katika maelezo walikiri bila aibu kwamba kadi za aina hii hawakuzijaribu vya kutosha. Hilo la kukiri bila aibu nililisoma na sikujifunza kitu.

Kila nilipowasha picha, kioo kilijaa michirizi, au mshale ukaacha uchafu kila ulipopita. Nilirudi kwenye faili la mipangilio, nikabadilisha mstari, nikawasha tena. Michirizi ileile. Maelezo yalitaja dawa moja: zima uharakishaji wa kadi, uache prosesa ichore picha yenyewe, polepole. Niliiruka. Polepole haikuwa sifa niliyoitaka.

Muhula ulikuwa unakwisha. Siku moja bibi alikuja akasimama nyuma yangu.

"Anauliza, ile maandishi nyeupe haitoshe? Ile ya kwanza. Batoto beko nangoja mutihani."

Ilitosha, na nilijua inatosha. Hilo ndilo lililonichoma. Sikumgeukia bibi. Niliinua uso kuelekea ukuta nikasema mwenyewe, kwa sauti ya kumfikia jirani:

"Mama, weye endelea na chaki yako. Mambo ya mashini uniachie miye."

Nje mtu aliyekuwa akitwanga aliacha kutwanga. Bibi aliketi chini pale alipokuwa, akafunika mdomo kwa kitenge. Nilikuwa nimemsemeza mama mkwe, na neno langu la kwanza kwake lilikuwa tusi.

Masikio yaliniwaka moto. Kwa kuwa sikujua pa kujificha, nilijificha kwenye kibodi, nikaandika ule mstari niliouruka. Picha ikaja. Ilijichora polepole kutoka juu hadi chini, safi, rangi zote mahali pake. Nilipogeuka, bibi hakuwepo, na hakuna aliyekuja kutazama.

Jioni bibi alirudi na sahani iliyofunikwa, bwali, yaani ugali, na samaki, kile kipande cha kichwa wanachopewa wageni.

"Anaomba pardon," alisema. "Hakuyua kama maulizo yake itakuumiza roho."

Sikuweza hata kufunua ile sahani. Niliona afadhali angenifukuza. Nikamwomba bibi aende amwambie kwamba mwenye kosa ni mimi, kwamba namwangukia miguuni. Hakucheka, wala hakuniita bwana yake.

"Maneno mubaya ulimupelekea weye mwenyewe, haukunituma. Na hii mupelekee weye mwenyewe."

Nilikaa nikiutazama ukuta. Kumsemeza mara ya pili kulikuwa kuvunja mwiko mara ya pili, na kunyamaza kulikuwa kuliacha tusi pale lilipo. Nikanyamaza. Mitihani mama mkwe aliichapa kwa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, rangi zangu hakuzigusa.

Binti walinipa, maana mashine iliwaka. Baada ya ndoa wakanipikia kile chakula cha heshima. Wanawake waliingia na vyungu vichwani, wakiimba, na mama mkwe akapiga magoti mbele yangu kwenye mkeka. Kwa desturi, siku hiyo tuliruhusiwa kutazamana na kuzungumza. Yeye aliniinulia uso wake, akangoja neno langu. Mimi niliinamisha kichwa nikaangalia mkeka, na sikukiinua mpaka chakula kikapoa. Wanawake wakanisifu kwamba nina adabu.